Sindano Ikae kwa Kijani

Mtu akikwambia Otukei ni fundi, muulize fundi wa nini. Mimi nauza chai na chapati hapa Malaba, mkabala na yadi ya malori, na kila asubuhi namwona akipita na bisibisi kwa mfuko wa shati kama daktari na kalamu yake. Watu wanamwita Enjinia. Hilo jina alijipa mwenyewe, wengine wakachoka kubishana naye.

Sikatai, nyaya anajua kuunga. Taa ya trela ikizima, ataiwasha. Lakini ana ugonjwa wa rangi ya kijani, na ameambukizwa na madereva. Haya matrela makubwa yana geji ya kuhesabu mizunguko ya injini, na kwenye uso wa geji kuna utepe wa kijani. Sindano ikikaa hapo, injini haiteseki na kampuni inamsifu dereva. Ikitoka, ofisi inapiga simu. Basi madereva wa barabara hii wanaupenda huo utepe kuliko wake zao. Wakimletea Otukei geji mbovu hawamwambii aipime. Wanamwambia, "Enjinia, ikae kwa kijani." Naye anaikalisha, anakunywa chai yangu, anatamba.

Akaja Petronilla wa Amukura. Huyu mama ana kanta moja tu, yaani lori dogo, aliyoachiwa na marehemu mumewe, na anaiendesha mwenyewe, mihogo na mahindi ya soko zima yakiwa mgongoni. Injini yake ilikuwa imetoka kufunguliwa na kufungwa upya, na makanika alimwonya: mpaka izoee, isipite mizunguko elfu mbili na mia tano, la sivyo itakufa, na hii haifunguliwi tena. Geji ya kanta ilikuwa imekufa zamani. Ndiyo maana akamtafuta Enjinia wetu.

Otukei akamtolea geji ya trela lililopinduka. Haya, hapo hakuna ubaya, geji ni geji. Inasoma mapigo kutoka kwa alteneta, kile kifaa cha kuzalisha umeme wa gari, na alteneta ya kanta haipigi sawa na ya trela, kwa hiyo kuna kaskrubu nyuma unakazungusha mpaka namba iseme ukweli. Mpaka namba iseme ukweli, nimesema. Otukei alimwambia mama akanyage mafuta kama anavyokanyaga akiwa barabarani. Injini ikanguruma. Akazungusha kaskrubu mpaka sindano ikalala katikati ya kijani, kwenye elfu moja na mia tano, akajifuta mikono.

"Umeona, mama? Hapo ndipo nyumbani kwake."

Oluka, dereva wa Uganda aliyekuwa kwangu akingoja foleni isonge, aliweka kikombe chini.

"Boss, hiyo sauti si ya elfu moja na nusu," akasema. "Inapita elfu mbili. Nina kipimo cha mkono kwa gari. Unabandika karatasi ya kung'aa kwenye puli, lile gurudumu linalozunguka mbele ya injini, unamulika, kinakupa hesabu kamili. Nikuletee?"

"Hicho ni cha wanafunzi," Otukei akajibu, wala hakugeuza kichwa. "Mimi naona kwa macho."

Ati anaona kwa macho. Nilimwambia mbele ya wateja, "Enjinia, si umsikize mwenzako?" Akaniambia nichunge chapati zangu zisiungue. Petronilla naye akatuangalia sisi, akaiangalia ile sindano imetulia vizuri, akamwamini mwenye bisibisi. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi hatuachi kuligeukia likivuma.

Kuanzia siku hiyo, mwanamke aliyezoea kuendesha kwa masikio akaanza kuendesha kwa macho. Injini ikilia, anatazama geji, geji inamwambia bado kuna nafasi, anaongeza. Alipita hapa mara kadhaa akinipungia mkono, na mimi moyo uliniuma kila nikisikia ile kanta ikipiga kelele.

Ilikufa kwenye mteremko wa Amukura, imejaa mihogo. Alishusha gia ili asichome breki, injini ikapaa, chuma cha ndani kikatoboa ubavu wa injini na oili yote ikamwagika kwenye lami. Mama alitoka mzima. Kanta ilivutwa na trakta hadi hapa yadini, na Otukei akaja na mdomo wake.

"Mama, uliitoa sindano kwa kijani?"

"Haikutoka hata siku moja."

"Basi mimi kazi yangu nilifanya. Uliza makanika wako."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Otukei saa ile. Nilitaka kummwagia sufuria ya chai. Petronilla hakupandisha sauti. Alifungua mlango wa kanta, akamwonyesha kiti.

"Kaa hapo, Enjinia. Angalia geji yako. Inasema ngapi?"

Otukei akapanda, akaangalia, akacheka kidogo. "Imezimwa, mama. Inasema sifuri."

"Sifuri," Petronilla akasema. "Tangu uifunge, leo ndiyo imesema ukweli."

Akachukua mkoba wake, akapanda boda kurudi Amukura. Otukei alibaki ameketi kwenye kanta ile iliyokufa, na hakuna aliyemwita kwa lile jina lake.