Shamba la Watakaoachwa

Jikoni kwetu Kitengela kulinuka moshi wa kuni na mahindi makavu. Mahindi yenyewe yalikuwa ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa kwenye waya juu ya meko ili moshi uwafukuze dumuzi. Yalikuwa na madoadoa ya zambarau, na nyanya yetu ndiye aliyempa Mama alipoolewa, akatoka nayo Ukambani. Kila msimu Mama alipanda, akavuna, akachagua yaliyo bora na kuyarudisha pale juu. Hata njaa itubane vipi, hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Akiba haiozi, Mama alisema, lakini mbegu ni zaidi ya akiba, ni chakula cha mwaka ujao.

Basi ikafika ile miezi ya mwisho kabla ya mwaka elfu mbili, na watu wazima wakashikwa na wazimu. Kila kanisa lilikuwa na ratiba yake ya mwisho wa dunia. Baba, aliyekuwa kibarua kiwandani, alikuwa ameokoka katika kanisa la turubai la Pasta Elkana. Huko walifundishwa kwamba Bwana angewanyakua walio wake kabla ya Krismasi, sisi wengine tuachiwe mpinga Kristo. Mama alibaki katika kanisa la misheni, lililosema hakuna aijuaye siku wala saa, kwa hivyo watu walime, waoe, wasomeshe watoto. Jirani yetu Mmaasai, Mama Naisula, alikuwa ameambiwa na mhubiri wao kwamba kanisa litapitia dhiki kuu kwanza. Yeye akawahamisha mbuzi wake hadi kwa kaka yake mbali huko Kajiado, mpinga Kristo asiwapate. Kila Jumapili jioni walibishana uani kwetu ni nani ataondoka kwanza na nani ataachwa, kama watu wanaogombea viti vya mbele harusini. Nilikuwa darasa la sita na niliwadharau wote watatu, ingawa Mama nilimdharau kidogo tu, kwa kuwa yeye alibishana huku akinoa jembe.

Mawingu ya Novemba yalipoanza kujikusanya, Pasta Elkana akatoa neno jipya. Anayepanda, alisema, anamwambia Mungu kwamba hamwamini. Kila nyumba ilete mbegu yake kanisani Jumamosi, ipikwe, iliwe pamoja kama karamu ya kuaga dunia. Sijui wazo kama hilo humjia vipi mtu mwenye akili timamu. Jumamosi asubuhi Baba akapanda kwenye kigoda, akaanza kuyafungua mahindi kwenye waya, masizi yakimwangukia kwenye shati lake jeupe la kanisani.

"Baba Mwende, hiyo ni mbegu," Mama alisema.

"Mbegu ya nini? Utapanda, halafu nani avune? Wewe uko na imani ama huna?"

"Niko na watoto."

Mama Naisula alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Hata salamu hakutoa. "Ai! Sisi hatulimi, lakini hata sisi tunajua fahali wa mbegu hachinjwi," alisema. Baba akamwambia wapagani ndio huongea hivyo, na huyo mama alikuwa amebatizwa kabla yake! Akayatia mahindi yote kwenye gunia, hakuacha hata moja, akaniamuru nimfuate. Mama alibaki akiutazama ule waya mtupu.

Kanisani waliyapukuchua, wakayachemsha na maharagwe kwenye sufuria za harusi. Githeri yenyewe ilikuwa tamu, na hilo linaniudhi hadi leo. Watu walikula wakiimba, mvua ikaanza kunyesha juu ya turubai, na Pasta akasema hayo ni machozi ya dunia inayoagwa. Tulirudi nyumbani tukiburuta ule udongo mweusi wa Kitengela, unaonata miguuni mpaka mtu anatembea kama amevaa matofali. Njia yetu ilipita kando ya shamba la Pasta. Shamba lilikuwa limelimwa mpaka kwenye ua. Mke wake alikuwa ameinama akichimba mashimo, na watoto wao wakidondosha mbegu za duka, zile zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi.

Baba alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifikiri. Pasta mwenyewe akatufikia kutoka nyuma, mwavuli mkononi, na Baba akamuuliza, kwa adabu kabisa, hii ni nini.

"Ndugu yangu," Pasta akajibu bila kupepesa macho, "hili ni shamba la watakaoachwa. Sisi tukienda, nani atawalisha?"

"Amina," Baba akasema.

Amina! Ningekuwa na jiwe, sijui ningemtupia nani kati yao.

Krismasi ikapita. Mwaka mpya ukaingia, nyumbu wakavuka mbuga wakielekea malisho kama kawaida yao, na Pasta akatangaza kwamba maombi yetu yamemfanya Mungu aahirishe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yetu yaliumia kwelikweli. Shamba letu lilikuwa magugu matupu. Mama alitafuta kibarua kila mahali, mwishowe akakipata kwa Pasta. Akapalilia mahindi yake na kuyavuna, akilipwa gorogoro ya unga, mkebe wa kilo mbili, huku Baba akiketi kanisani akingoja tarehe mpya.

Leo turubai limekuwa jengo la ghorofa lenye vioo, na Pasta Elkana, sasa askofu, hataki hata kusikia habari za kunyakuliwa. Anahubiri kanisa la miaka mia ijayo na anauza viwanja. Baba, mvi kichwani, ndiye huwaonyesha waumini pa kuegesha magari. Mahindi ya madoadoa nimeyatafuta masokoni kutoka Kajiado hadi Ukambani, na kila muuzaji hunitazama kama aliyeulizwa habari za marehemu.

Mwezi uliopita Baba alimsihi Mama waende wote ibada ya askofu, umri umesonga, asije akaachwa. Mama alikuwa akipuliza moto chini ya ule waya, ambao hajawahi kuuondoa.

"Baba Mwende," alisema bila kugeuka, "shamba la watakaoachwa nililipalilia mimi. Nilishaachwa zamani, na wewe ndiye uliyesema amina."