Dorotea na Kiazi cha Sita

Dorotea Luhaga alikuwa na miaka arobaini na moja alipogusa kompyuta kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa karani wa takwimu kwenye chama cha ushirika wa pamba, mpaka mwaka 1994 yeye na wenzake ishirini walipopunguzwa kazi kwa siku moja. Hakukaa nyumbani kwake Buswelu kusikitika. Alikwenda mjini kwa Liaqat, aliyekuwa ameacha kuuza mashine za taipu akaanza kuleta kompyuta kutoka Dubai, akamwomba amfundishe.

"Mama, ukija kuwafundisha wateja wangu baadaye, sikutozi kitu," Liaqat alimwambia.

Akajifunza, akafundisha, na miaka mitatu baadaye mradi mmoja wa viazi vitamu ukamwajiri.

Wanawake sitini wa Kisesa walikuwa wamepewa marando, yaani mashina ya kupandia, ya aina sita za viazi, zilizoitwa cha kwanza mpaka cha sita. Walipanda, wakachimba, wakapika, kisha kila mmoja akavipanga kwenye karatasi yake: anachokipenda kuliko vyote namba moja, kinachofuata namba mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Lakini marando mengi ya kiazi cha sita yalinyauka njiani, wakakipanda ishirini na wawili tu. Kwenye karatasi za wengine nafasi yake ilikuwa wazi.

Mkuu wa mradi, Revocatus, alijumlisha namba kwa mkono, na kila palipokuwa wazi akaandika sita. Kiazi hicho kikashika mkia. Akataka kiondolewe.

"Bwana Revocatus, hawa hawakukikataa," Dorotea alisema. "Hawajakila."

"Sasa tufanyeje? Ripoti inatakiwa Ijumaa."

"Tuvilinganishe viwili viwili. Mtu akikiweka cha pili juu ya cha tano, cha pili kinapata kura moja dhidi ya cha tano. Ambaye hakuonja kimojawapo, kwa jozi hiyo hatumhesabu."

Akachora jedwali la mistari sita na safu sita. Kila chumba kingeonyesha ni wangapi walikipenda kiazi cha mstari ule kuliko kiazi cha safu ile. Kisha akaketi kuandika programu ya kusoma karatasi zote na kulijaza.

Jumatano asubuhi jedwali lilitoka. Kiazi cha sita kilikuwa kimeshinda vyote. Hata dhidi ya cha pili, kipenzi cha Kisesa nzima, kilipata kura hamsini na tano kwa tano. Dorotea alifurahi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Hamsini na tano na tano ni sitini, na walioonja vyote viwili ni ishirini na wawili. Wale thelathini na wanane wengine wametoka wapi?

Alifuatilia programu yake mstari kwa mstari mpaka akaona. Mashine ilisoma nafasi iliyo wazi kama sifuri, na kwa kuwa sifuri ni ndogo kuliko moja, kiazi ambacho mtu hakukionja kilihesabiwa kuwa bora kuliko alichokipa nafasi ya kwanza. Revocatus alikuwa amekionea; yeye amekipendelea. Aliongeza amri ya kuruka palipo wazi, akaendesha upya. Kumi na saba kwa tano.

Alimpelekea Revocatus majedwali yote mawili, akamweleza kosa lake mwenyewe bila kuficha.

Revocatus aliyatazama sana. "Ishirini na wawili ni wachache."

"Ni wachache. Ndiyo maana tusikitupe, wala tusikitangaze. Tuwape na wengine."

Ripoti ikaandikwa hivyo. Msimu uliofuata Dorotea mwenyewe alipeleka marando Kisesa, yamefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa maji, akayakabidhi nyumba kwa nyumba. Wanawake hamsini na sita walikichimba. Safari hii kikakishinda cha pili kwa kura arobaini na moja kwa kumi na tano.

Siku ya kukusanya karatasi, mama mmoja aitwaye Mhoja alimkaribisha michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga.

"Hiki cha sita hakilegei sufuriani," alisema. "Mwaka jana tulidhani mmetunyima."

"Mlinyimwa na jua, mama. Ofisini nusura tuwanyime tena."

Mhoja akacheka, akamwongezea. Dorotea alivua viatu, akanyoosha miguu kwenye mkeka, akala bila haraka.