Romani ya Spesioza

Spesioza aliondolewa nyumbani kwetu kwa sababu alitamka neno la Kiswahili bila kosa. Najua linachekesha. Hata sisi tulicheka mwanzoni, kabla ya asubuhi ile mgambo walipopita na buti zao juu ya maharage tuliyokuwa tumeanika uani.

Harufu ndiyo inayonirudisha huko. Nikifungua kitabu kilichokaa sana stoo, kile kinachonuka ukungu, pua yangu inatafuta pia unga wa mahindi, kwa sababu vitabu vyetu vilinuka vyote viwili. Ilikuwa Ngara, miaka ile Lukole, kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, ilipokuwa na watu wengi kuliko mji wowote tuliowahi kuuona. Sanduku la vitabu lilifika shuleni ndani ya lori la unga wa wakimbizi, mfuko mmoja ukapasukia juu yake, na kwa muhula mzima ukilamba kidole ili ufungue ukurasa ulipata ladha ya ugali mbichi.

Spesioza alikuja kwetu na mama yake kutoka kambini, kupalilia ili wapewe chakula. Mama yake akafa kwa kuhara damu. Mama yangu hakumrudisha mtoto kambini. Alimpa kitenge, akampeleka kanisani, akawatangazia majirani kwamba ni mtoto wa dada yake aliyeolewa Nyabusozi, kule Biharamulo. Wakimbizi walikatazwa kuishi vijijini, kila mtu alijua. Lakini Kihangaza chetu na Kirundi chao vinakaribiana sana, na yale maneno machache yaliyotofautiana Spesioza aliyabadilisha upesi. Mimi nililala naye kitanda kimoja. Niliambiwa nikitoa siri nitakatwa ulimi, na mama hakuwa mtu wa mzaha.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Bonifasi, wa Kiswahili. Kila Ijumaa, baada ya usafi, mwanafunzi mmoja alisimama mbele kuhakiki kitabu alichokisoma. Kitu alichokichukia Mwalimu kuliko vyote ni midomo yetu. Tulisema "kurara" na "kura ugari", akatuchapa, na akatuchapa tena, mpaka tukaiogopa r yenyewe. Tukaanza kuikwepa hata pale inapostahili. Darasa zima likawa linasema "lafiki", "balua" na "liwaya".

Ijumaa ya Spesioza alishika kitabu cha mambo ya ajabu, cha nchi ambayo milima huhama usiku na watu wakaamka ng'ambo ya pili ya dunia. Tuliking'ang'ania sote kitabu hicho.

"Liwaya hii inahusu..."

"Inahusu nini? Liwaya ni mnyama gani huyo?" Mwalimu akagonga meza. "Anza upya!"

"Liwaya..."

"R! Ulimi utetemeke!"

Spesioza alitazama jalada la kitabu. Kisha akashika neno lililokuwa karibu. "Romani hii inahusu milima."

Kwetu Romani ni Kanisa Katoliki, na karibu darasa zima tulikuwa Wakatoliki. Madawati yalipigwa makofi. "Hata sisi ni Romani!" mvulana mmoja akapiga kelele. "Wewe mwenzetu, hiyo imebarikiwa na padri gani?"

Mimi sikucheka, niliogopa tu, bila kujua ninaogopa nini. Mwalimu Bonifasi naye hakucheka. Alimwambia aendelee, kwa sauti ya chini ambayo hatukuizoea.

"Ni kizuri," Spesioza akasema, "lakini mwandishi ametudanganya. Anasema mlima ukihama, watu wanaamka na ng'ombe wao, na sufuria zao, na majirani wao wale wale."

"Ni mambo ya kubuni, mwanangu. Hata milima haihami."

"Mlima kuhama nakubali, Mwalimu. Majirani nakataa."

Tangu siku hiyo jina lake likawa Romani. Aliitwa hivyo kisimani, aliitwa hivyo sokoni, mpaka Mzee Hemedi, muuza duka ambaye baba zake walitoka pwani, akawauliza watoto sababu. Wakamweleza kwa furaha: huyu kitabu anakiita romani! Mzee Hemedi akacheka sana, na wateja waliokaa kwenye benchi lake nao wakacheka.

Mama alipolisikia jina hilo hakucheka. Jioni alimkalisha Spesioza karibu na mafiga.

"Sema riwaya."

"Riwaya."

"Tena. Babako na maneno yake umeyaacha kule. Tena!"

Akasema huku akichambua mboga, akasema akiosha vyombo, mpaka r ikawa inalia kama cherehani. Nilimwonea wivu. Hakuna mtoto kijijini aliyeweza kuitoa vile.

Mtendaji wa kijiji alikuja asubuhi na mgambo wake. Alikuwa na adabu.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa una mgeni."

"Marahaba, baba. Mgeni yupi? Huyu ni wa dada yangu."

Kitabu cha milima kilikuwa juu ya kigoda, Spesioza alikuwa amekiazima. Mtendaji akakiokota, akakipangusa, akamwinulia Spesioza.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Riwaya, baba."

Ilitoka safi. Nilitaka kumpigia makofi, kwa hakika mikono yangu ilikuwa imeshainuka. Nilimgeukia mama ili tufurahi pamoja, nikamkuta amekaa chini kwenye vumbi.

"Mtoto wa hapa," Mtendaji akasema taratibu, "angenijibu kitabu."

Walimpakia kwenye gari na wengine waliokusanywa vijijini. Kitabu alikichukua Mtendaji.

Nilipofika sekondari ndipo nilipojua kwamba kwa Kifaransa riwaya ni *roman*, na kwamba baba yake Spesioza alikuwa mwalimu huko Burundi. Mwalimu Bonifasi alisoma seminari kwa mapadri waliosema Kifaransa. Mzee Hemedi aliwahi kufanya biashara Bujumbura. Nani kati yao alisema, au ni nani aliyekaa kwenye lile benchi, sijui. Nimeuliza. Watu wa kwetu hujibu swali hilo kwa kuniuliza habari za watoto wangu.

Nimeelewa pia kwa nini mama alikaa vumbini. Neno lile alilipika yeye mwenyewe, mafigani.

Alimfuata Lukole. Akaambiwa hakuna mtoto anayeitwa Spesioza, na walisema kweli, maana jina hilo tulimbatiza sisi. Lile alilopewa na mama yake alilijua mama yangu peke yake. Siku ile ya kwanza aliapa kulisahau, asije akaropoka mbele ya watu, na alipolitaka pale kwenye lango la kambi halikuja. Kambi imefungwa zamani, watu wamerudishwa kwao kwa malori, na mama amezeeka. Bado halijamjia.