Sentensi kumi juu ya nyanya

Kiingereza yangu yote ilianza na maneno mbili: look after. Mademoiselle alisema hizi mbili zinatembea pamoja sawa mume na bibi yake. Look peke yake ni kutazama tu. Ukiongeza after njo inakuwa kuchunga, kutunza, kubaki na kitu ao na muntu asiharibikiwe.

Mademoiselle alikuwa infirmière, muuguzi wa dispansere ya misioni, karibu na kwetu Kibabi, miaka ya kwanza kisha uhuru. Kifaransa yake ilikuwa mubaya kushinda yetu, na Swahili alikuwa anaipasua kama kuni. Saa kumi, tukitoka ku shamba, wabinti sita tulikaa kwa baraza yake na kila mumoja alitoa mufano wa siku yake. I look after the goats. My mother looks after the beans, maana yake ile yenye kuanikwa, mbuzi isikule. Siku moja binti mumoja akasema, I look after my husband. Tulicheka mupaka machozi.

"Bwana gani? Uko naye wapi? Utuonyeshe!"

"Atakuja," akajibu. "Naanza kumuangalia mbele."

Mademoiselle naye alicheka, lakini akasema sentensi iko sawa. Ile neno ningepaswa kuisikia vizuri: sentensi iko sawa.

Kwetu, binti mwenye amerithi jina ya nyanya anapewa nyanya. Analala kwake, anamutekea maji, anamuletea kuni, anamuosha miguu mupaka siku ya kuolewa. Jina nililibeba mimi. Nyanya wetu, mama wa papa yangu, miguu yake ilikuwa imekufa, hata kufika ku mulango alihitaji muntu. Lakini kazi ile mimi niliichoka mapema. Mutoto wa baba mukubwa, mudogo wangu kwa mwaka moja, naye mumoja wa sisi sita wa baraza, njo aliyeichukua. Hakuna mwenye alimutuma. Siku moja sikwenda kuteka maji, akaenda yeye. Kesho yake vile vile. Kisha mwaka moja hata kitanda changu kule kwa nyanya alikuwa analalia yeye, na mimi nilikuwa nalala kwa mama na kusoma makaratasi ya Mademoiselle. Na watu wote waliendelea kusema nyanya anaangaliwa na mwenye jina yake. Desturi iko vile: mukono hata ikiwa ya nani, kazi inaandikiwa mwenye jina.

Halafu Mademoiselle akatuambia atapeleka binti mumoja Uganda, kwa hospitali ya misioni, ajifunze uuguzi miaka mitatu. Mumoja tu. Atakuwa yule mwenye atasema sentensi kumi na look after bila kosa, na ziwe za kweli, za maisha yake mwenyewe. Mbele ya siku ile papa yangu aliniita nyuma ya nyumba.

"Utasema juu ya nyanya."

"Papa, mimi simuangalie."

"Jina ni ya nani? Sema. Mahali iko moja, na wewe uko na kichwa."

Siku yenyewe wanne walishindwa mbio. Mudogo wangu akafika wa nyuma, anahema, mikono ya nguo yake imelowana mupaka ku kisukusuku kwa sababu alitoka kuosha nyanya. Akasimama. Akaanza, I look my grandmother after. Mademoiselle akatikisa kichwa polepole. Akaanza tena, akafika sentensi ya tatu, ikapotea. Akasema kwa Swahili:

"Mademoiselle, kazi naijua. Maneno njo inanikimbia."

"Pole," Mademoiselle akajibu. "Kaa."

Mimi nikasimama. I look after my grandmother. I look after her fire when it rains. She cannot walk, so I look after her. Nilizitoa zote kumi kama mahindi kwenye gunzi. Nilisema namna ya kupasha maji na majani, namna ya kumugeuza ubavu asitoke vidonda. Yote nilikuwa nimeiona kwa mudogo wangu, na yeye alikuwa amekaa pale, maji inamutoka ku mikono, ananitazama kinywa. Hata leo sijue kama alikuwa na haya ao alikuwa anajifunza.

Mademoiselle hakuwa mujinga. Siku ya Mungu, kisha ibada, alipanda kilima kumusalimia nyanya. Mudogo wangu alikuwa amefagia, akatoka nje.

"Nani anakuangalia, mama?" Mademoiselle akauliza.

Nyanya akatazama papa. Papa akatazama chini.

"Ni mwenye jina yangu," nyanya akasema.

Nilikuwa hapo. Neno moja ingetosha: hapana, ni yule wa nje. Sikuitoa. Papa akasema Mademoiselle asirudi mikono mitupu, akaita mudogo wangu amukamatie kuku. Yeye njo aliikimbiza, akaifunga miguu, akaileta na mikono mbili.

Wenye kosa nawataja. Papa, kwa sababu alinituma. Mademoiselle, kwa sababu alipima roho na kiingereza. Nyanya namusamehe, alifuata desturi. Na mimi, sina wa kunisamehe.

Nilikuwa Uganda wakati vita iliingia mu vilima vyetu. Papa hakutoka muzima. Baba mukubwa na bibi yake hawakutoka. Mudogo wangu alibeba nyanya ku mugongo na kitambaa, siku nne mu pori, kuelekea Walikale. Nyanya alimufia njiani, akamuzika peke yake, na panga ya kulimia. Hii niliambiwa na watu wa Buleusa, kule alifikia, kwa maana yeye mwenyewe hakunieleza hata siku moja. Wanasema mimi nilipona kwa neema. Nilipona kwa mahali pa muntu mwengine.

Miaka ikapita, nikatumwa kufanya kazi kwa dispansere moja ya Walikale. Siku moja ya kipindi cha kuvuna maharagi, mudogo wangu akaingia na mutoto wake wa homa, mutoto anachemka. Aliolewa Buleusa. Tulishikana mikono. Nikapima mutoto, nikaona atalazwa.

"Dada," nikamuambia, "rudi ku shamba, utavuna. Mutoto abaki kwangu. Mimi njo infirmière hapa, nitalala naye."

"Asante, yaya," akajibu, maana yake dada mukubwa.

"Basi enda, mvua iko karibu."

"Asante," akasema tena, na kutandika mukeka chini ya kitanda ya mutoto.

Nilimuletea blanketi, akaipokea. Nilimuletea ugali na mboga ya lenga-lenga, akakula, akaosha sahani. Kila saa ya dawa nilikuta ameisha kumuinua mutoto kichwa, ananingojea. Siku tisa hakuniachia yule mutoto hata wakati wa kwenda ku choo, alikuwa anamubeba. Mvua ilinyesha siku tano kati ya zile tisa. Wakati alifika kwake, maharagi ilikuwa imeota ndani ya maganda.