Hadithi Aliyoifuata Jeddah

Truphena ana riwaya mbili zilizochapishwa Nairobi, na zote mbili zilimpa sifa tele na riziki kiduchu. Ndiyo maana yuko Riyadh. Siku za kazi anafundisha Kiingereza katika shule moja ya binafsi mtaani Malaz. Ijumaa anafundisha kile hasa anachokipenda, utunzi wa hadithi, na wanafunzi wake ni akina dada wa Kenya wanaofanya kazi za ndani. Darasa lenyewe ni kundi la WhatsApp. Wanamsikiliza huku wakipiga pasi, na wakipata upenyo wanamrekodia hadithi zao kwa sauti ya chini, maji ya bomba yakitiririka nyuma yao.

Kwa watu wa nyumbani Kenya, dada hawa huwa hawajambo daima. Hawaumwi, hawachoki, hawalii. Truphena, ambaye uongo mtamu humkera, akawapa zoezi: wasimulie jambo ambalo hawajawahi kuwaambia watu wa kwao.

Maryann, yaya huko Al-Hamra, Jeddah, ndiye aliyemliza. Alisimulia jinsi Yazan, mtoto anayemlea, anavyomwita mama, ilhali binti yake wa kumzaa, Susan, aliyemwacha Kakamega akiwa bado ananyonya, anamwita anti. Mama, kwa Susan, ni nyanya yake. Kisha Maryann akasema pasipo kuzungusha: "Ukweli ni kwamba Yazan ndiye nimemzoea. Nikilala namuota yeye. Susan nampenda vile mtu hupenda picha."

Wakati huo Truphena alikuwa akiziandika hadithi za darasa ziwe kitabu, na mchapishaji alikuwa akimzungusha. Aliposoma hiyo ya Maryann, akaacha kuzungusha. Hiyo ndiyo itangulie, alisema, la sivyo hakuna kitabu. Maryann alikubali, tena kwa jina lake kamili. Halafu, kazi ikiwa karibu kwenda mtamboni, akatuma ujumbe: "Mwalimu, naomba utoe stori yangu."

Hakueleza sababu. Truphena, aliyekaa miaka mingi bila kitabu kipya, alikata tiketi siku hiyo hiyo. Akapanda ndege kwenda Jeddah, njia nzima akipanga maneno: ujasiri wa mwandishi, haki ya ukweli, akina mama wengine watakaofarijika. Maneno mazuri kwelikweli. Alikuwa ameyafundisha mpaka yanamtoka yenyewe.

Walikutana ufukweni, ambako madam wake humruhusu Maryann kumpeleka Yazan kucheza.

"Yazan, yalla, rudi huku!" Maryann aliita, kisha akamgeukia mgeni wake. "Mwalimu, umekuja mbali hivyo juu ya stori?"

Truphena alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa simu ilipoita. Alikuwa Susan, kwa video, pengo kubwa mahali pa meno ya mbele.

"Anti! Ngoja nikusomee!"

Mtoto akafungua kitabu cha shule, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alikwama, akarudi nyuma, akalivuka. Alisoma ukurasa mzima hivyo hivyo, na Maryann alisikiliza akiwa amejifunika mdomo kwa kiganja.

"Amejua kusoma juzi tu," alisema simu ilipokatika. "Anasoma kila kitu, Mwalimu, hadi pakiti ya unga. Hicho kitabu kikifika kwetu, ataanza kwa kutafuta jina langu."

Truphena akayatafuta yale maneno yake mazuri, asione hata moja alilothubutu kulitamka. Na bado, tusimpambe, aliitaka ile hadithi. Aliitaka kwa uchungu.

"Nitaitoa," alisema mwishowe.

"Na watu wa kuchapisha?"

"Watakikataa kitabu."

"Woi, Mwalimu. Pole sana." Maryann alimtazama Yazan. "Lakini usiifute. Niwekee. Siku Susan atapata mtoto wake, nitamsomea mimi mwenyewe. Nikiwa nimekaa karibu na yeye."