Vidonge vya Mama na Chembe Sugu

Mama yangu anauza afya kwa jumla na rejareja. Duka lake liko Kariakoo, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, na makopo yake ya vidonge huondoa sumu mwilini, husafisha damu, hurudisha ujana na, mteja akikazana kuuliza, hutuliza hata ndoa. Mwenyewe alimeza vidonge hivyo asubuhi na jioni. Muuzaji asiyetumia bidhaa yake ni tapeli, na mama si tapeli.

Doa jeusi lilipoota chini ya unyayo wake, aliamua ni sugu ya kusimama dukani. Msafisha kucha anayepita na kikapu cha rangi akawa analisugua kwa jiwe, nalo likamshukuru kwa kupanuka. Mama akaongeza vidonge.

Hospitalini daktari, binti mdogo, alituamkia vizuri kabla ya kutuambia ni saratani ya ngozi. Mama akamwonea huruma.

“Mwanangu, hiyo si ya Wazungu?”

“Ya Wazungu huletwa na jua; ya unyayoni haisubiri jua, mama. Kuna dawa unatumia?”

Mama akatoa kopo kwenye mkoba, akaanza kueleza faida zake. Nusura amuuzie.

Daktari akasubiri amalize. Akasema chembe za saratani zikiingia kwenye damu zinapata tabu: oksijeni inazichoma, nyingi zinafia njiani. Zinazopona ni zile sugu, zinazojitengenezea kinga. “Na vidonge hivi kazi yake ni kuzuia huko kuungua. Kwa panya imeonekana vinazisaidia kusambaa. Kwa watu hatuna hakika, ila tusibahatishe.”

“Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika,” mama akajibu.

Nilitaka kuuliza wangerudije. Niliogopa mno siku ile, na mimi nikiogopa hukejeli. Mama akalitazama kopo, akalisukuma mezani kwa daktari, akaliacha hapo.

Wamelikata doa, wamechukua na tezi ya kinenani kupima kama chembe zimeshasafiri. Tunasubiri majibu. Mama, Mkristo wa Kilimanjaro anayeombea hata mashemeji asiowapenda, sasa ana ombi moja kila jioni, na analisema kwa sauti ya kuagiza mzigo: “Bwana, zilizotoka, zife njiani.”

Ni sehemu ya mwili wake mwenyewe anayoiombea kifo. Naitikia amina kabla hajamaliza.