Mbao Nane za Duka la Kwanza

Sikumaliza darasa la tatu, lakini lile jengo la maduka la Nkoma nalijua kuliko waliolichora. Maduka kumi na moja chini ya paa moja, baraza pana mbele. La kwanza lilikuwa la Mhindi wa vitambaa, na cherehani yangu ilikaa barazani kwake. Mlango wake ulikuwa mbao nane ndefu zilizosimama kwenye mfereji wa sakafuni. Asubuhi nilizichomoa mimi, jioni tulizirudisha, mimi au mzee mwenyewe.

Wahindi walipofukuzwa nchini, duka akapewa afande mmoja wa jeshi. Vitambaa vikaisha upesi, na hakujua vinaagizwa wapi. Vita ilipofika Jinja akapakia kilichobaki, akapotea. Siku ileile, mchana kweupe, watu wakaingia jengoni kung'oa mabati, masinki, hata nyaya za ukutani. Sisemi walikuwa wageni. Majirani zangu. Mimi nikachukua zile mbao nane, nikazisukuma kwa mkokoteni mpaka kwangu Wanale. Nilijiambia nazitunza. Mvua ikaja, jiko halina ukuta, nikazifanya ukuta.

Baadaye nilirudi barazani na cherehani, maana sikuwa na pengine pa kupata chakula. Miaka ikapita, serikali ikawaruhusu wenye mali kurudi. Akaja mtoto wa yule Mhindi, aliondoka mdogo, sasa ana kipara, na polisi nyuma yake. Akatuambia sisi mafundi kwamba aliyeiba mlango ndiye aliyeiba vyote, na atafungwa. Mlango usipoonekana, sisi wote wa barazani tutaondoka.

Mke wangu akasema nizichome mbao siku hiyohiyo.

"Ukizipeleka utaulizwa vitambaa viko wapi," akasema. "Utajibu nini?"

Hakukosea. Lakini mimi si mtu wa kuchoma mlango nilioufungua miaka tisa.

Nikazing'oa jikoni, nikazisukuma hadi Nkoma, watu wananitazama. Polisi akanishika mkono hata sijashusha.

"Mzee, umejileta mwenyewe."

"Niache nizipange kwanza, afande. Pingu hazikimbii."

Nikaweka ya kwanza, ya pili, nikairuka ya tatu, nikaweka ya nne mpaka ya nane. Hiyo ya tatu huvimba. Ukiiweka kwa zamu yake, zinazofuata hazikai. Nikaiingiza mwisho, nikaipiga teke chini. Ikaingia.

Mwenye duka alikuwa amesogea karibu kabisa.

"Baba alikuwa anaipiga teke hivyohivyo," akasema. "Mama anamgombeza kwa kelele hizo."

Akapitisha kidole kwenye ubao, kikatoka cheusi kwa masizi.

"Hizi zimepikiwa?"

"Maharage na mihogo, bwana. Vitambaa muulize aliyepewa duka."

Polisi bado alikuwa amenishika. Yule bwana akamwambia aniachie. Hakunishukuru, nami sikuomba. Aliagiza tu upande wa masizi ugeukie ndani, na cherehani ibaki palepale.

Duka lake halikudumu. Watu walishazoea mitumba, wanashuka hadi soko la Nakaloke kuitafuta. Akaondoka tena, safari hii bila kufukuzwa. Leo maduka saba hayana mtu, na paa linavuja. Mimi bado nafungua la kwanza asubuhi, naweka cherehani kivulini. Jioni narudisha mbao, ya tatu mwisho, japo ndani hamna cha kuibwa.

Mke wangu bado anauliza ukuta wa jiko nitajenga lini.